PS4, stiki ya TV au king'amuzi? Ulinganisho kwa nyumba ya Zanzibar yenye TV moja

Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani iliyopita, sisi ndugu wanne tulichangishana fedha ili tuiongezee burudani nyumba ya wazazi wetu iliyopo Mwanakwerekwe, nyumba ambayo ina TV moja ya inchi 43, king'amuzi kimoja cha zamani, na watu wasiopungua saba sebuleni kila usiku baada ya tarawehe. Fedha zilitosha kitu kimoja tu. Mdogo wetu wa mwisho alitaka PS5, mashine ya gemu ya Sony iliyofuata PS4, dada alitaka stiki ya TV ili aone Netflix, na shemeji yetu wa Wete akapiga simu kutushauri tulipie kifurushi kikubwa cha mpira na tuache upuuzi. Mama, ambaye alikuwa akipepeta mchele huku sisi tunabishana, aliuliza suali moja tu: “Wanangu, mwezi msipolipa, kitabaki nini?”

Suali hilo ndilo nililolitumia kupimia kila kifaa katika ulinganisho huu, kwa sababu bei unayotajiwa dukani Darajani au Mlandege ni mwanzo tu wa gharama. Nyuma yake kuna bando, kuna umeme wa Tukuza, ile mita ya kulipia kabla, kuna gemu zenyewe na pedi ya pili ya kuchezea, na kuna zile siku ambazo mtandao unasuasua na watoto wameshakaa mkekani wakisubiri.

Stiki ya TV: ndogo kwa bei, kubwa kwa bando

Nianze na stiki, kwa kuwa ndiyo inayowavutia wengi kwa bei yake. Chromecast ya kwanza ilitoka mwaka 2013 kwa dola 35, Fire TV Stick ya Amazon ikafuata mwaka 2014 kwa dola 39, na tangu hapo vifaa vya aina hii vimebaki kuwa njia rahisi kuliko zote ya kuipa TV ya kawaida uwezo wa kufungua YouTube na Netflix. Unachomeka nyuma ya TV kwenye tundu la HDMI, unaunganisha na Wi-Fi, na kazi imekwisha. Mwenye TV ya chogo, ile inayotumia nyaya tatu za nyekundu, nyeupe na njano, asijisumbue, kwani stiki hizi hazina pa kuchomekwa hapo. Roku, ambayo husifiwa sana na Wamarekani, imetengenezwa kwa masoko machache na huku kwetu haina faida ya kuifuatia.

Hesabu inabadilika mara tu unapoanza kutazama. Netflix yenyewe inaeleza kwamba ubora wa kawaida wa picha hutumia hadi takriban GB 1 kwa saa, ubora wa HD hadi GB 3, na 4K hadi GB 7. Nyumba inayotazama saa mbili tu kwa usiku katika HD inakaribia GB 180 kwa mwezi, na ikikubali picha ya kawaida inashuka hadi GB 60. Kwa aliyefikiwa na faiba, akalipa kiasi kimoja kwa mwezi bila ya kuhesabiwa, takwimu hizo hazimkoseshi usingizi. Kwa anayerusha intaneti kutoka kwenye simu yake kwa bando la wiki, stiki ya bei nafuu inageuka kuwa kitu cha ghali kuliko vyote sebuleni, tena bila ya mwenyewe kujua, kwa sababu fedha inatoka kidogo kidogo kama maji kwenye mtungi wenye ufa.

Na kwa suali la mama, stiki inajibu vibaya. Bando likiisha, kilichobaki ni kipande cha plastiki. Hata aliyelipa kila kitu hana uhakika: Google iliacha kutengeneza Chromecast mwezi wa Agosti 2024 na kuleta kifaa kipya cha karibu dola 100, na mwezi wa Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili ziligoma kufanya kazi kwa siku kadhaa duniani kote kwa sababu cheti cha usalama kilichofichwa ndani yake kilikuwa kimekwisha muda. Google ilitengeneza kasoro hiyo kutoka mbali, lakini wenye vifaa hawakuwa na la kufanya zaidi ya kungoja.

Maboksi ya Android yasiyo na jina

Hapa nina kinyongo changu, na nitakisema. Miaka miwili iliyopita nilinunua boksi la Android katika duka moja mjini, boksi jeusi lililoandikwa “8K Ultra HD” kwa maandishi ya dhahabu, kwa bei iliyokuwa karibu nusu ya bei ya boksi lenye jina. Nilipofungua Netflix ikaja ile ya simu, ambayo huwezi kuiendesha kwa rimoti mpaka uchomeke mausi, na picha ikawa na ukungu kama naangalia kupitia chandarua. Muuzaji aliniambia ni mtandao wangu. Haukuwa mtandao wangu: boksi lisilopata idhini ya Netflix hufungiwa ubora wa chini, mistari 480 tu, hata ukiliunganisha na faiba ya kasi namna gani, na yale maandishi ya 8K hayabadilishi kitu.

Picha mbaya ilikuwa sehemu ndogo ya tatizo. Mwezi wa Juni 2025, idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilitoa tahadhari kuhusu mtandao wa wahalifu ulioitwa BADBOX 2.0, ambao ulikuwa umeingia kwenye mamilioni ya vifaa vya majumbani, yakiwemo maboksi ya Android ya bei chee, mengine yakiwa yametiwa programu hasidi tangu kabla ya kununuliwa. Boksi la namna hiyo linatumia intaneti yako kufanyia uhalifu wa watu wengine, nawe unalipia bando. Ukitaka boksi, basi chukua lenye Google TV au Android TV iliyoidhinishwa, kama yale ya Xiaomi, na dukani omba liwashwe ufungue Netflix mbele ya muuzaji. Ikija yenye sura ya simu, rudisha boksi kaunta.

King'amuzi

King'amuzi hakihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Zanzibar. Uzuri wake ni kwamba gharama haibadiliki kwa idadi ya saa wala ya watazamaji: ukilipa kifurushi, TV inaweza kukesha na kijiji kizima kikakaa barazani. Anayefuata Ligi Kuu ya Bara hana njia ya kuikwepa Azam, ambayo mwaka 2021 ilisaini mkataba wa miaka kumi wa haki za matangazo ya ligi hiyo wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na anayefuata Ligi Kuu ya Uingereza atakwenda DStv kwa ajili ya SuperSport. Mama anazo tamthilia zake za Kituruki zenye sauti za Kiswahili, na stiki ya dada isingempatia hizo kwa urahisi. Kifurushi kikikatika, hata hivyo, sinia juu ya paa inabaki kuwa pambo la kunguru, na ubishi wa shemeji yangu kwamba mpira ndiyo burudani pekee haukuzingatia kwamba ligi hupumzika miezi ya kiangazi cha Ulaya.

Kuna jambo la kwetu ambalo linafaa kukumbukwa hapa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban miongo miwili kabla ya Bara kuwa na vituo vyake, na tangu enzi hizo TV kwetu imekuwa kitu cha kutazamwa na watu wengi kwa pamoja. Kwa hiyo thamani ya burudani huku haipimwi kwa saa peke yake kama wanavyofanya wahakiki wa Ulaya. Inapimwa kwa saa mara vichwa.

Mashine za gemu

Tuchukue mfano wa hesabu, na kila mtu aweke bei ya duka lake. Tuseme PS4 Slim iliyotumika, pamoja na pedi mbili na CD tatu, imegharimu shilingi 600,000. Vijana wanne wakiicheza saa mbili kwa usiku, siku tano kwa wiki, wanapata saa 40 za burudani kwa wiki, yaani takriban 2,000 kwa mwaka. Hapo kila saa ya kila kijana imegharimu shilingi 300. Baada ya mwaka mashine ikiuzwa shilingi 400,000, gharama halisi inashuka hadi shilingi 100 kwa saa. PS5 ya shilingi 1,500,000 kwa vijana haohao inaanza na shilingi 750 kwa saa, na kila gemu mpya inapanda juu yake. Linganisha na unacholipa kwa mechi moja kwenye gemu senta ya mtaani, ambako mechi ya dakika chache hulipiwa papo hapo na aliyefungwa ananyanyuka, utaona kwamba kijana anayekwenda huko kila jioni anailipia mashine ya mtu mwengine.

PS5 ni mashine bora, sibishani na hilo. Ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499, na badala ya kushuka bei kama ilivyokuwa ada ya mashine zilizotangulia, Sony iliipandisha hadi dola 549.99 nchini Marekani mwezi wa Agosti 2025. Kasi yake ya kufungua gemu inashangaza. Lakini sehemu kubwa ya gemu zinazochezwa mitaani kwetu, kwanza kabisa mpira, bado zinatoka kwa PS4: EA Sports FC, ambayo iliitwa FIFA mpaka mwaka 2023, imeendelea kutolewa kwa PS4 hadi toleo la FC 26. eFootball, iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021, ni ya bure kwenye mashine zote mbili na hata kwenye simu. Kijana ambaye gemu yake ni mpira na mapigano hatoona tofauti ya laki tisa.

Xbox Series S inaonekana kwenye karatasi kuwa chaguo la busara: ilianza kwa dola 299, ingawa mwezi wa Mei 2025 Microsoft iliipandisha hadi 379.99, na ni ndogo, kimya, yenye nguvu ya kizazi kipya. Kwa Zanzibar mimi naiweka nyuma, na sababu ni moja: haina mlango wa CD. Kila gemu lazima ishushwe kutoka intaneti, na gemu za leo zina uzito wa GB 50, nyengine zaidi ya 100. Kwenye intaneti ya Mbps 10, GB 50 zinachukua saa kumi na moja zisizo na kukatika. Kwenye Mbps 5 ni usiku na mchana. Nafasi ya ndani ni GB 512, na kati ya hizo zilizobaki kwa matumizi ni kama 364, kwa hiyo gemu kubwa tano zinaijaza. Sony nao wanauza PS5 isiyo na CD, na ushauri wangu kwake ni huohuo.

CD ndiyo jibu la suali la mama. CD ya gemu inabaki mkononi bando likiisha, inaazimwa kwa jirani, inabadilishwa dukani kwa kuongeza kidogo, na siku ya shida inauzwa. Gemu uliyonunua kwa akaunti haiazimwi. Waliokuwa na Stadia, huduma ya Google ya kucheza gemu kupitia intaneti bila ya mashine, wanalijua hili: ilifunguliwa Novemba 2019 na ikafungwa Januari 18, 2023, na ijapokuwa Google iliwarejeshea fedha za manunuzi, maktaba zao zilitoweka.

Akaunti zenyewe zina kikwazo chake huku. Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao wa PlayStation, na jambo hilo lilidhihirika mwezi wa Mei 2024, pale Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, ya kwetu ikiwemo, kabla ya Sony kulegeza sharti lenyewe. Wengi wetu hufungua akaunti ya nchi nyengine na kununua vocha za kielektroniki, kwa kuwa kadi ya benki ya hapa hukataliwa mara nyingi. Njia hiyo inapita, lakini ni kinyume na masharti ya Sony, na mwenye kuweka mamilioni kwenye akaunti ya aina hiyo ajue amejenga kwenye kiwanja kisicho na hati. Kwa Xbox mambo ni hayohayo.

Nintendo Switch nimeiwaza sana, kwani ni mashine pekee kati ya hizi inayocheza umeme ukikatika: toleo lililoboreshwa la mwaka 2019 hukaa na chaji kati ya saa nne na nusu na tisa, na kwenye boti ya kwenda Dar es Salaam au ya Pemba haina mpinzani. Pia inatumia vikadi, kwa hiyo inafaulu mtihani wa mama. Inapoanguka ni kwamba mtaani hakuna wa kubadilishana naye, na gemu za Nintendo zenyewe ni nadra kushuka bei. Mwenye mtoto mmoja anayesafiri sana aichukue. Mwenye sebule ya watu saba aiache.

Umeme na hewa ya chumvi

PS4 Slim ikiwa kwenye gemu hula takriban wati 80, PS5 takriban wati 200, na stiki haifiki hata wati 5. Kwa saa tatu kila usiku, mwezi mzima, hiyo ni karibu uniti 7 kwa PS4 na 18 kwa PS5, mbali na TV. Si nyingi, ila Tukuza ikilia usiku wa manane kila mmoja anajua nani wa kulaumiwa.

Hatari kubwa ni umeme unaporejea. Watu wa Unguja tuliokaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha kama miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, tulijifunza kutoamini swichi, na hata leo, ambapo hali ni tofauti kabisa, mimi sichomeki mashine moja kwa moja ukutani. Kifaa kile kinacholinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme, kinafaa vilevile kwa gemu. Kwa nyumba za karibu na bahari ongeza hewa ya chumvi, ambayo hula pini za HDMI na kuziba feni kwa vumbi lenye unyevu. Kitambaa chepesi cha kufunikia mashine inapozimwa kinasaidia, mradi mtu asiiwashe ikiwa imefunikwa.

Tulichochagua

Tulinunua PS4 Slim iliyotumika na tukabakisha king'amuzi kwenye kifurushi kidogo. Kilichotushawishi mwishoni hakikuwa gemu peke yake. PS4 ina Netflix na YouTube ndani yake, kwa hiyo dada alipata haja yake siku ambazo Wi-Fi ya jirani mwenye faiba inatufikia kwa makubaliano, na ina programu ya kufungua filamu zilizomo kwenye flashi, jambo ambalo PS5, pamoja na ukubwa wake wote, haina programu yake. Baba sasa anaweka flashi ya mawaidha na video za harusi za familia, na mashine ileile inazionesha. Lau nyumba ingekuwa na faiba na isiyo na vijana, ningenunua stiki yenye idhini bila ya kusita. Lau ingekuwa ya mzee mmoja mpenda mpira, shemeji wa Wete angekuwa sahihi.

Anayekwenda kununua PS4 ya mkononi achukue CD yake mwenyewe na flashi. Aichomeke CD aone kama inamezwa na kutolewa bila kusitasita, kwa sababu kisomeo ndicho kinachochoka mwanzo. Aicheze gemu dakika ishirini dukani, si tano, asikilize kama feni inaanza kuvuma kama jenereta. Asukume vijiti vya pedi zote mbili kisha aviache, aangalie kama mchezaji kwenye kioo anaendelea kutembea peke yake. Ahakikishe akaunti ya mwenye zamani imefutwa mbele yake. Na pedi ya pili aipatanie hapohapo, pamoja na mashine, kwa sababu akirudi kesho kuinunua peke yake bei itakuwa nyengine.